Dume Hununuliwa Akiwa na Hasira

Harufu ya klachi iliyoungua hunipeleka mkono shingoni kabla sijajua ninachofanya. Nyuma pale, chini ya nywele, nina kovu dogo, na mkono unalijua kuliko ninavyolijua mimi. Ndivyo ilivyokuwa juzi. Pikapu ilipanda mlima wa nyumbani kwa Mjomba Mutua, huku Machakos, ikilia na kunuka, na mkono wangu ulikuwa umeshafika shingoni kabla mlango haujafunguliwa na Baba kushuka.

Mama alikuwa bado mochari, na tulikuwa tumzike kesho yake. Vijana walikuwa wanachimba kaburi upande wa chini wa shamba, karibu na la bibi yangu. Baba alishuka akichechemea, ameshika rungu lake lile lile la tangu utotoni mwangu, akazunguka nyuma ya pikapu na kuwateremsha mbuzi watatu waliofungwa kwa kamba moja. Kila mmoja alikuwa na uzi mwekundu wa sufu shingoni. Wazee wa kwa Mjomba waliinuka vitini. Vijana waliacha kuchimba, wakakaa kwenye udongo na majembe yao kusikiliza.

Hakuna aliyehitaji kuuliza mbuzi hao ni wa nini. Kwa Wakamba, mwanamume akimtaka binti wa watu anapeleka mbuzi wa ntheo. Bila hao, hata mzae watoto kumi na mjenge ghorofa, mwanamke huyo hajaolewa. Bado ni msichana wa kwao. Baba ni Mmaasai wa Kitengela na alilijua hilo tangu zamani. Sasa alikuwa amewaleta, Mama akiwa kwenye barafu, ili awe mume wake halali na amchukue akamzike kwenye kipande cha ardhi kilichombakia. Mbuzi wakipokelewa, Mama ni wake. Wasipopokelewa, Mama ni wetu.

Mimi niliwahi kuwasubiri mbuzi hao kwa hamu kuliko Krismasi.

Nilikuwa mtoto wa pekee, na Baba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua madume kwenye masoko ya Bisil na Mashuuru na kuwauza kwa wachinjaji wa karibu na kwetu. Shule zikifungwa alinipeleka sokoni, nikakaa juu ya bodi ya pikapu nikila miwa na kutazama kazi yake. Kila mchuuzi alikuwa na namna yake ya kupima ng'ombe. Wengine waliangalia meno, wengine walibonyeza nundu, wengine walimtembeza tu. Baba alimpiga. Alimpiga dume puani kwa rungu, akamsokota mkia, akamkanyaga kwato, mpaka mnyama akatoa macho na kuchimba vumbi kwa mguu. Mwenye dume alipiga kelele.

“Wewe! Utaniulia mnyama!”

“Wacha nimuone,” Baba alisema. “Dume mpole sokoni ni shetani nyumbani. Akasirike hapa hapa, kabla sijamnunua. Nikishamnunua ndio akasirike, ataua nani? Mtoto wangu.”

Akisharidhika, alimtemea mate kidogo ya baraka kichwani, na tangu hapo, mbele ya macho yangu, hakumpiga tena. Jambo hilo nililiona mara nyingi na nikalishika. Kulikuwa na jambo la pili alilonifundisha pale pale. “Nakerai,” aliniambia, yaani mtoto wangu, “dume akikushinda nguvu, achia kamba. Saa hiyo hiyo. Mtu hauawi na dume, anauawa na kung'ang'ania kamba.”

Basi huyo ndiye baba aliyekuwa akimpiga Mama.

Nasema wazi kwa sababu kwetu mambo haya yalisemwa kwa mafumbo mpaka yakafanana na hali ya hewa. Alimpiga kwa ajili ya chai iliyopoa. Alimpiga kwa sababu amesalimiana na fundi wa nyaya, na siku nyingine alimpiga kwa kunyamaza. Ukuta wa nyumba yetu ulikuwa wa mabati, na mgongo wa Mama ulipogonga mabati mlio ulisikika mpaka kwa majirani, ambao waliongeza sauti ya redio. Mama hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kulima, na angeweza kumwinua mtu. Lakini alijikunja tu kama anayenyeshewa, na baadaye akaokota kilichomwagika.

Siku moja Mjomba Mutua alikuja kutuona. Alikunywa chai, akatazama jicho la dada yake, akaweka kikombe chini.

“Shemeji,” alisema, “mimi nitakuita hivyo kwa heshima tu. Mbuzi za ntheo hatujaona. Huyu hujamchukua bado. Ni msichana wetu, wewe unakaa naye tu.”

“Mbuzi ziko hapo nje,” Baba alijibu. “Unaziona? Hizo tatu. Nikimaliza maneno ya kuuza shamba, nitakuja nazo na gari yangu mpya. Machakos yote itatoka nje.”

Nikaelewa kila kitu. Akili ya mtoto ni fundi mbaya: hujenga nyumba imara kwa vipande alivyookota. Baba hupiga anachotaka kununua mpaka aone hasira yake. Mama hajachukuliwa bado. Kwa hiyo Mama alikuwa anapimwa, na alikuwa anafeli mtihani, kwa sababu hakasiriki. Angekasirika mara moja tu, atoe macho, achimbe vumbi, Baba angeridhika, angepeleka mbuzi, angemtemea mate ya baraka, na mambo yangekwisha.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, akiwa anachambua maharagwe. “Mama, si ukasirike basi.”

“Nikasirikie nani?”

“Baba. Ndiyo amalize kukupima.”

Alinitazama, punje moja ya maharagwe ikiwa kati ya vidole vyake. Kisha akaitupa kwenye takataka, ijapokuwa ilikuwa nzima.

Wale mbuzi watatu nikawa nawahudumia mimi. Niliwakatia matawi, nikawatoa kupe, nikawafunga uzi mwekundu niliofumua kwenye sweta langu la shule, ili wakifika Machakos waonekane wametoka kwa watu. Kila siku walipokuwa bado wamefungwa pale ilikuwa siku nyingine ya mtihani.

Wakati huo Kitengela ilikuwa inauzwa. Nyumbu waliozoea kupita nyuma ya nyumba yetu walifika siku moja wakakuta nyaya za ua, wakasimama wakizitazama kama watu waliofungiwa benki. Watu wa Nairobi walikuja na kofia na viatu vyeupe kutafuta ploti. Baba alikuwa ameuza upande wote wa lami. Waliouza kabla yake walinunua pikapu na malori, na mmoja alinunua basi lililooza likiwa limeegeshwa. Baba alitaka gari ambalo halina ndugu Kitengela nzima, na mtu akamwambia kuna kijana wa Nairobi, Gitau, anauza gari la mbio kutoka Japani.

Gitau alilileta Jumamosi asubuhi. Lilikuwa jeupe, fupi, limelala chini kiasi kwamba kuku wetu waliweza kulitazama machoni. Ila macho halikuwa nayo. Nilizunguka mbele nikakuta boneti tupu, laini, na nikamhurumia mnyama kipofu. Ndipo Gitau akabonyeza kitu ndani, na vifuniko viwili vikainuka na taa zikatoka, na nikakimbia hadi mlangoni. Baba alicheka mpaka akashika magoti. Tangu hapo sikuwa na shaka kuwa gari lile lilikuwa hai.

“Mzee, nisikize vizuri,” Gitau alisema. Alikuwa kijana msafi, mwenye kuongea na funguo zake. “Hii si pikapu. Hii gari haina huruma. Klachi yake ni nzito, na turbo inalala. Unakanyaga, hakuna kitu. Unakanyaga, hakuna kitu. Sindano ikifika hapa, inaamka yote mara moja, na miguu ya nyuma ndiyo inasukuma. Sasa, ukiwa kwa kona na uone imekushinda, usitoe mguu kwa mafuta ghafla. Ukiachilia, nyuma inakuja mbele. Shikilia hapo hapo, utoke nayo polepole. Umenisikia?”

“Nimesikia. Leo nataka kuiona ikikasirika.”

“Ikasirike aje?”

“Ikasirike. Sinunui kitu sijaona hasira yake.” Kisha akaniita. “Naserian! Ingia huko nyuma. Mnyama wa boma lazima ajue watoto.”

Nyuma kulikuwa na viti viwili vya mzaha, vya kuwekea mkoba. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. “Mtoto hapandi hiyo kitu,” alisema.

“Nini?”

“Nimesema mtoto hapandi. Jipime wewe. Huyu umwache.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikataa mbele ya mtu. Moyo wangu uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe: hasira hiyo, imekuja! Baba alimpiga kofi kwa kiganja, na alipoyumba akampiga la pili kwa nyuma ya mkono, na pete ikamchana mdomo. Mama alikaa chini kwenye vumbi. Damu ilidondokea leso yake ya njano. Gitau alitazama viatu vyake, akachezesha funguo.

“Mzee, twende basi,” alisema. “Jua inakuwa kali.”

Kijana msafi, nimesema. Nimekutana na akina Gitau wengi tangu siku ile, na wote wana haraka jua linapokuwa kali.

Nikaingia. Baba alikuwa ameshanishika bega, na Mama alikuwa chini.

Gari lilinuka ngozi na plastiki ya moto. Baba aliachia klachi, likaruka mara moja na kuzimika. Akaliwasha tena, likaruka na kuzimika tena mbele ya watoto wote wa mtaa, wakacheka. Mshipa wa shingo yake ulisimama. Alikanyaga mafuta kwa nguvu na kuachia klachi polepole mno, na ndipo ile harufu ilipokuja, harufu ya kwato zinazochomwa, ikajaa ndani. “Unaichoma, Mzee, unaichoma!” Gitau alisema. Tukaingia barabara ya Namanga.

Tulipopita Isinya, malori yakiwa yamepungua, Baba alianza kulichokoza. Namna aliyolifanyia gari ilikuwa ile ile ya sokoni. Alilikanyaga, likanguruma bila kwenda. Akaliachia. Akalikanyaga tena. Alilipiga ngumi kwenye dashibodi. “Amka!” alisema. “Amka, wewe!” Kisha sindano ikafika pale Gitau alipoonyesha, na likaamka. Kichwa changu kilitupwa nyuma kikagonga kioo. Tumbo lilibaki Isinya. Mlio wake ulipanda kutoka ngurumo hadi filimbi, nguzo za simu zikaanza kukimbizana, na nyasi za pembeni zikawa rangi tu. Nilisikia Baba akicheka na Gitau akisema, “Sawa, sasa imetosha, imetosha, Mzee, imetosha.” Usukani ulikuwa unamrusha mikono. Gari lilikuwa linapigana naye, na mimi nilishikilia kiti cha mbele nikiwaza: zuri hili, lina hasira, atalinunua, atapeleka mbuzi.

Unapokaribia Kajiado palikuwa na kona ndefu, ya kudanganya, inayoanza kwa upole na kuzidi kujikunja. Tuliingia kwenye kona hiyo gari likiwa limepandwa na wazimu. Nyuma yake ilianza kuteleza. Nilikiona kichwa cha Baba kikigeuka kidogo, kama alivyogeuza kichwa dume anapovuta.

“Shikilia!” Gitau alipiga kelele. “Shikilia mafuta! Usiachilie!”

Baba aliachia. Mguu wote, mara moja. Miaka yote ya kamba na madume ilikuwa kwenye mguu ule, na maneno ya asubuhi moja yasingeweza kuishinda. Nyuma ikaja mbele, kama alivyoambiwa. Niliona barabara tuliyotoka, kisha mbingu, kisha ng'ombe. Kundi lilikuwa linavuka kwenda majini. Tulimpiga wa kwanza kwa ubavu wa gari, kishindo kikanikaa kwenye meno, kisha tukashuka mtaro na kugonga mti wa mgunga, na kioo cha nyuma kikanimwagikia.

Kisha ng'ombe akaanza kulia. Alikuwa jike jekundu, amelala kwenye lami, miguu ya nyuma imevunjika, akijaribu kuinuka kwa ile ya mbele. Mchungaji wake, mzee mwenye shuka, alipiga magoti akamshika kichwa akimwita kwa jina. Gitau alitambaa nje ameukumbatia mkono uliopinda mahali ambapo mikono haipindi. Mimi nilipita dirishani. Shingo yangu ilikuwa na joto la maji na sikujua ni damu.

Baba alitoka wa mwisho. Paji lake lilikuwa wazi, goti moja halikumbeba. Alirudi ndani kwa nusu ya mwili akatafuta kitu, nikadhani ananitafuta mimi. Alitoka na rungu.

Gari lilikuwa limekufa. Mtoto yeyote angeona hivyo. Maji ya moto yalikuwa yanavuja chini yake, gurudumu moja limelala kama kiatu kilichovuliwa, jicho moja limefumba na jingine limebaki wazi likitazama mti. Baba alilipiga jicho lile lililo wazi mpaka likavunjika. Akapiga boneti. Akapiga mlango. Nilisimama kwenye nyasi nikingoja aache, kwa sababu nilizijua kanuni. Ameiona hasira. Amemaliza kupima. Hakuna wa kununua tena na hakuna wa kuuza. Hapa sasa mtu huacha.

Hakuacha. Alizunguka akapiga upande wa pili. Alipiga bati lililokuwa limeshabonyea, akapiga kioo kilichokuwa kimeshavunjika, akilia kwa hasira, mate yakimtoka mdomoni, mpaka yule mchungaji akamwacha ng'ombe wake akaja kumshika mikono kwa nyuma. “Basi,” alimwambia kwa Kimaasai, “inatosha.” Baba akamrushia yeye pia kiwiko. Na mimi, niliyekuwa na jibu la kila kitu asubuhi, nikaanza kurudi nyuma kwenye nyasi, hatua kwa hatua, mbali naye.

Mwenye lori la mchanga alinirudisha nyumbani. Baba na Gitau walibaki hospitali ya Kajiado. Mama alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo wake umevimba upande mmoja, akaanza kunitoa vioo nywelani, kimoja kimoja, akividondosha kwenye sufuria. Aliuliza niliumia wapi. Nikamwambia, “Mama, mbuzi wasiende.”

“Mbuzi gani?”

“Wa Machakos. Baba asiwapeleke. Gari lilikuwa limekufa, Mama. Limekufa kabisa, na bado alikuwa anapiga.”

Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Sikuuona uso wake. Alikuwa nyuma yangu. Kisha akamaliza kutoa vioo, maana Mama hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Akachukua kisu cha jikoni akaenda bomani. Nilidhani anakwenda kuwachinja. Alikata kamba zao, mmoja baada ya mwingine, akawasukuma makalio waingie kwenye kundi na wenzao. Jioni ile ile tulikuwa Machakos, na yeye aliingia kwao kama msichana wa kwao, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hakuna baraza lililohitajika. Hakuna mzee aliyeweza kumwambia arudi kwa mumewe, kwa kuwa bila ntheo mume hakuwapo.

Alilima, akauza maembe, akanisomesha. Hakupigwa tena na mtu yeyote mpaka kansa ilipomkuta.

Na juzi Baba alikuwa amesimama uani kwa Mjomba na kamba mkononi. Mzee mmoja alisema ntheo haiozi, hata kwa marehemu hutolewa. Mwingine akaitikia. Mjomba Mutua, ambaye sasa ni mzee kuliko wote, aligeukia upande wangu.

“Mwiitu wakwa,” aliniita, binti yangu. “Mtoto wake ni wewe peke yako. Sema.”

“Naserian,” Baba alisema kabla sijafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa imepungua, na nilimhurumia, sifichi. Ni baba yangu. Ana magoti mabovu na hana mtu wa kumpikia. “Nilichelewa tu, nakerai. Mbuzi nilikuwa nazo. Wewe mwenyewe ulizifunga uzi.”

Alikuwa anakumbuka uzi. Hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nilimwendea mpaka karibu, nikanusa tumbaku yake na klachi ya ile pikapu.

“Baba,” nikasema, “achia kamba.”

Alinielewa. Niliona kwenye macho yake kwamba amelijua neno hilo na soko lilikotoka. Aliitazama kamba ile mkononi mwake. Kisha akaizungusha kwenye ngumi yake, mara nyingine tena, akageuka kuwavuta mbuzi kurudi kwenye pikapu. Walikataa kwenda. Mmoja alipiga magoti langoni, na Baba akainua rungu akampiga mgongoni. Mbuzi aliruka, akainuka, akaanza kutembea vizuri kabisa, mbele ya wenzake, kuelekea garini.

Baba bado alikuwa anampiga.

Nikawageukia vijana, nikawaambia waendelee kuchimba.